Benchi la Chanda

Katika ukoo wetu mtoto aliyezaliwa amekufa hapelekwi makaburini. Wanawake humzika kwenye udongo wa majimaji, bila msalaba wala jiwe, na mama yake haonyeshwi mahali, asije akalilia pale na kushindwa kuzaa tena. Chanda ni binti wa marehemu mdogo wangu; mtoto wake tulimzika mimi na mwanamke mwenzangu, mama Numbi, kwenye matete kando ya ziwa. Numbi naye alikufa. Siri ikabaki kwangu miaka kumi na mmoja, na niliibeba kwa majivuno.

Miaka yote hiyo hakuna aliyelitaka ziwa lile ila kwa kutupa takataka na mbwa waliokufa. Halafu ikaamuliwa pajengwe bustani ya watu wote, na Jumatatu moja matingatinga yakaingia. Chanda akaja kwangu mbio, na kandambili za bafuni miguuni.

“Mama mukubwa, beko banachimba kule ku lac. Unionyeshe fasi mulizika mutoto wangu. Nitamutosha mule, nimuzike fasi ingine.”

“Mama habamuonyeshake fasi ile.”

“Hata bila kwenda kule sikuzala tena. Unaogopa nini?”

Nilimfokea asinifundishe mila. Nina kichwa kigumu, nakubali. Jumanne alirudi, nikamfungia mlango. Jumatano chai ilinishinda kunywa, nikaenda kumchukua mwenyewe.

Matete hayakuwepo tena. Ukingo wote ulikuwa umekwanguliwa, umebaki mwekundu. Nikamwacha Chanda nyuma, nikamuuliza msimamizi wa kazi, Émile, udongo uko wapi.

“Ilishaenda jana, mama. Tulijazia mashimo ya barabara ya Hewa Bora.”

Chanda alikuwa akinitazama mdomo kwa mbali. Nikamrudia, nikanyoosha kidole kwenye mti mmoja uliosalia.

“Ni pale. Mashini haikufika. Umuache alale.”

Alipiga magoti pale hadi kanga ikalowa. Émile alielewa, hakuniumbua, na baadaye akaweka benchi chini ya mti ule.

Bustani sasa imefunguliwa, watoto wa watu wanakimbizana majanini. Kila Jumapili Chanda anakaa kwenye benchi lake, anamsimulia mtoto habari za wiki, kisha ananishika mkono na kunishukuru. Naona aibu.

Tukirudi nyumbani Hewa Bora, yeye anatembea katikati ya barabara, mimi napita mtaroni kwenye matope. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia naogopa magari.