Droo Iliyobana

Nianze kwa kusema hivi: mimi si fundi mbovu. Mtaa mzima unaniita Hairudi, kwa sababu kazi yangu ikishatoka mlangoni hairudi. Kiti changu hakichezi, mlango wangu haulii. Kama kuna mtu ana kabati langu linalomsumbua, na ajitokeze, tukaangalie wote ni nani kapandisha watoto juu yake.

Kwa hiyo mkisikia kwamba nilimtengenezea binti yangu wa pekee kabati la droo nne, na droo moja ikabana, mjue sikukosea. Niliibana makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Labda hapo kwenye akili ndipo penye ubishi.

Mambo yalianza baada ya mama yake kufariki. Binti alikuwa ameshaolewa, anakaa ghorofani upande wa pili wa mji. Mumewe ni mhasibu, kijana mpole mpaka anakera. Nyumbani tukabaki mimi na redio. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kijinga: unapika sufuria ndogo, inabaki, kesho unapasha, inabaki tena. Siku nyingine nilikuwa sifungui mdomo mpaka nifike karakanani, ndipo nimjibu mshonaji wa kibanda cha jirani, mama mmoja mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Fundi, hujafa?"

"Bado. Nakusubiri utangulie ukanitandikie."

Ndiyo maongezi yetu hayo. Baada ya hapo ni randa na maranda mpaka jioni.

Binti alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Shikamoo Baba, umekula Baba, dawa ya presha umemeza Baba, haya Baba. Simu inakatika hata kiti sijakikalia vizuri. Hakuwahi kusema njoo, na mimi sikuwahi kusema nataka kuja. Mzazi mzima kujialika kwa mkwewe? Thubutu! Bora nife na tai yangu shingoni.

Basi alipopata mimba, nami nikapata wazo. Nitamtengenezea kabati la nguo za mtoto, la mbao ya mtiki, na droo ya pili nitaiachia nafasi ndogo kuliko inavyotakiwa. Mbao hunywa unyevu ikavimba, hata mtoto wa karakana anajua. Kiangazi droo itateleza kama wenzake, ila mvua zikianza itagoma. Atavuta, itakataa. Atapiga simu: Baba, droo imekwama, njoo uitazame. Nami nitasema loo, mbao za siku hizi bwana, nakuja Jumamosi. Nitakuja na randa yangu, niiparue kidogo tu, siyo sana. Nitakunywa chai, nitamwona mjukuu. Mvua zijazo itakwama tena.

Mshonaji alinikuta naipima ile droo, nikamweleza yote, maana siri ukikaa nayo peke yako inakuchosha. Akaweka mkasi chini.

"Si umwambie tu unataka kwenda kumwona?"

"Wewe shona."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, fundi. Mimi simo."

Kabati likaenda. Mkwe alikuja kulichukua na gari la kukodi, binti yuko pembeni na tumbo lake changa, anapitisha kiganja juu ya mbao mara mbili mbili. "Baba, ni zuri mno hili," akasema. Kweli lilikuwa zuri. Nilisimama barabarani mpaka gari likapotea, kisha nikarudi kufagia maranda nikisubiri mvua kama mkulima.

Mvua zikaja. Zikanyesha kisawasawa, mitaro ikajaa, milango ya watu mtaani ikaanza kugoma kufunga. Simu ya Jumapili ikaja na salamu zake zilezile. Ikabidi niulize kwa kuzunguka.

"Mvua zipo huko kwenu?"

"Zipo Baba, nguo hazikauki."

"Na vitu vya mbao? Havijapata unyevu?"

"Aa, viko salama."

"Lile kabati je?"

Akajibu haraka. "Zuri sana, Baba. Kila anayekuja analisifu."

Nikachanganyikiwa. Jumapili nyingine vilevile, na nyingine. Nikaanza kujilaumu kwamba nimefanya kazi nzuri kupita kiasi. Fundi gani huyu anashindwa hata kuharibu? Nilikuwa naiweka simu juu ya meza ya kazi, karibu na patasi, niisikie hata nikipiga nyundo. Mshonaji akiniona ananiangalia tu, hasemi kitu, na ukimya wa yule mama unaumiza kuliko matusi yake.

Mvua zilipokaribia kwisha nikasema potelea mbali. Nikaifunga randa kwenye gazeti, nikaitia kwenye mfuko, nikaenda bila kuitwa. Sababu nilikuwa nayo tayari: napita tu. Kutoka mwanzo wa mji mpaka mwisho wa mji, napita tu.

Binti alifungua mlango, tumbo limeshakuwa kubwa. "Baba! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nilikuwa napita."

Akanikalisha, akaenda jikoni kuchemsha chai. Mimi huyoo, polepole, mpaka chumba cha mtoto.

Kabati lilikuwa pale dirishani. Juu yake kulikuwa na mabeseni mawili ya plastiki, yamejaa nguo ndogo zilizokunjwa. Nikavuta droo ya pili. Wapi! Nikavuta kwa mikono miwili, haikusogea hata unywele. Pembeni kulikuwa na mikwaruzo ya kisu, mtu alijaribu kuifungua kwa nguvu. Kumbe ilikwama zamani! Nilifurahi, sitaki kusema uongo, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Nilipogeuka nikaona kitanda cha mtoto sakafuni, cha dukani, kimeunganishwa nusu. Boksi liko kando, na spana ndogo, na mfuko wa skrubu. Ubao wenyewe ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, umebandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Mimi nyumbani nilikuwa na mbao za kitanda cha mjukuu zimeegemea ukutani tangu siku niliyosikia habari ya mimba, zikauke taratibu.

"Baba, iache hiyo droo."

Binti alikuwa mlangoni na kikombe, machozi yanamlengalenga.

"Imekwama," nikasema. "Mbona hukuniita?"

"Nikuite nikwambie nini? Kwamba Hairudi amekosea?" Akaweka kikombe juu ya kabati. "Nilimkataza hata mume wangu asikutajie. Mikono inachoka, Baba, na macho pia. Siyo kosa lako. Wewe ndiye uliyetengeneza kila nilichokalia na kulalia tangu nazaliwa. Sikutaka ujue kwamba tumeona."

"Na kitanda?"

Akatazama chini. "Kitanda kina vijiti, Baba. Kijiti kikikaa vibaya, mtoto akapitisha kichwa... Nisamehe. Niliogopa."

Hapo ndipo roho iliponiuma. Binti yangu anaogopa kumlaza mwanawe kwenye kazi ya mikono yangu, na aliyemtia woga huo ni mimi mwenyewe. Nikaona hakuna njia nyingine, niseme tu. Sijawahi kutoa maneno mazito kama yale, hata kwenye msiba wa mama yake.

"Sikukosea, mwanangu. Niliibana makusudi. Nilitaka ikwame ili uniite. Nyumba ile iko kimya mno. Nimekaa peke yangu mpaka nimechoka."

Akatabasamu, akanishika bega.

"Sawa, Baba."

Ile "sawa" niliijua. Ndiyo niliyokuwa nampa baba yangu mzazi, alipoanza kumwaga uji na kudai anawamwagia kuku.

"Nasema kweli! Hebu subiri uone." Nikaitoa randa kwenye gazeti. Nilitaka kuipitisha mara tatu tu, droo ifunguke, waniamini. Binti akaidaka. "Utajikata, Baba!" Akamwita mumewe kutoka chumbani, naye akaja akaipokea randa kwa mikono miwili, akaiweka juu kabisa ya kabati la ukutani, pale watu wanapoficha viberiti wakiwa na watoto.

"Mkwe wangu," nikamwambia, "wewe ni mtu wa hesabu. Droo tatu zinateleza, moja inabana. Fundi aliyezeeka anakosea moja tu?"

"Sawa, Mzee," akasema. Na yeye!

Nikanywa chai. Wao wakanong'ona jikoni, kisha binti akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo tukivuka barabara.

"Tumeamua, Baba. Kila Jumapili huyu atakuja kukuchukua. Utashinda hapa, utakula hapa, utakaa na mjukuu wako. Usipande tena gari peke yako. Na ile misumeno, iache sasa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Ningeweza kudai randa yangu, nikaifungua ile droo mbele ya macho yao, nikaondoka na jina langu. Nikauangalia mkono wake juu ya wangu.

"Haya," nikasema.

Mshonaji aliniuliza kama nilipata nilichotaka. Nikamwambia nimepata. Akaniuliza mbona basi siku hizi siji kazini kila siku. Nikamwambia ashone.

Sasa kila Jumapili mkwe anakuja. Ananifungulia mlango wa gari, ananishika kiwiko, tunapanda ghorofani. "Ngazi hiyo, Mzee. Na nyingine hiyo." Mimi nikiwa chini kabisa nimeshauona msumari uliolegea kule juu kwenye kishikio cha ngazi, ambao pale kwao hakuna aliyeuona. Siusemi. Nampa mkono, na kabla ya kukanyaga kila ngazi napapasa kidogo kwa mguu, wasije wakadhani nimepona.