Ng'ombe wa Marieta na Tarumbeta ya Sabina

Jumamosi hiyo saa kumi jioni Marieta alikuwa uani kwake Butiama akipepeta dagaa, ng'ombe kumi na mmoja wakaingia zizini, kila mmoja akasimama mahali pake pa zamani. Walitoka Bunda, lakini kwato zao hazikuwa na vumbi. Marieta akanawa mikono, akaanza kukamua.

Walikuwa ng'ombe wake. Mumewe alipofariki, shemeji yake Burito aliwaswaga hadi Bunda hata matanga hayajaanuliwa, kwa kuwa kwao mjane hamiliki ng'ombe. Saa hiyohiyo ya kukamua, mjini Musoma, bintiye Sabina alikuwa akipiga tarumbeta mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Kesho yake Burito alifika na fimbo na wazee watatu wa ukoo.

"Shemeji, mwanamke hamilikigi ng'ombe. Unajua."

"Sijawaita mimi. Wamemsikia Sabina," Marieta alijibu. "Karibuni maziwa."

Wazee wakanywa, wakafuta midomo, wakaamua ng'ombe ni wa Burito. Akawaswaga kurudi Bunda.

Ikawa hivyo. Sabina akipiga, ng'ombe wanakuja. Akinyamaza, Burito anawafuata. Sabina alipokwenda kusomea muziki Cape Town, akapiga klasiki asubuhi na jazi jioni, Marieta alikamua mara mbili kwa siku. Burito alifunga lango kwa mnyororo. Ng'ombe wakaonekana Butiama, na mnyororo ukabaki na kufuli yake. Bwana mifugo aliwapima, akaandika kwamba wana afya njema.

Kisha zikaja tuzo: ya jazi kwanza, ya klasiki mwaka uliofuata. Siku ukumbi mzima wa Vienna uliposimama kumpigia Sabina makofi, Butiama walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka, na walistahili. Burito naye alizunguka soko la Bunda akisema, "Huyo ni mtoto wetu."

Sabina akapiga simu. "Mama, nimechoka. Nipumzikege kidogo?"

"Utapumzika ukizeeka, mwanangu. Yule ng'ombe mweupe ana mimba."

Ndama alizaliwa kwa Marieta. Wazee wakakaa tena, wakaamua ndama naye ni wa Burito.

Wiki hiyo Sabina alituma ratiba ya ziara yake mpya. Burito akaja kuiomba, ajue siku za kufuata ng'ombe. Marieta akavaa miwani, akamsomea taratibu, tarehe kwa tarehe, mji kwa mji, bila siku hata moja tupu. Alipomaliza mwezi wa kwanza, Burito aliomba kiti.