Maswali Arobaini ya Peilan

Weng Yishun alikuwa mpishi katika mgahawa ulio mbali, mwendo wa saa tano kwa basi, na nyumbani Brooklyn alirudi Jumatatu tu. Mimi nilipanga chumba kwao, kati yetu ukuta wa mbao, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe. Kiingereza nilikiokota bandarini, na watu wa Changle, kwetu Uchina, waliokuwa mtaani walikuwa wakinichukua niwasemee.

Binti yake, Peilan, alizaliwa hapa, akapelekwa kwa bibi yake Changle akiwa na miezi minne, kama wengi wetu tulivyofanya, maana nani angemlea? Alirudishwa ana miaka tisa. Baba yake alimwita "wewe." Wakikaa mezani ilikuwa kimya, kila mtu na bakuli lake.

Jumatatu ya tatu Weng alichana mfuko wa karatasi wa kufungia chakula, akaandika hesabu, akamsukumia. Mtoto akaikokotoa. Baba akaandika nyingine, ngumu zaidi. Zikapita saa nne hivi, na tangu siku hiyo wakawa baba na mwana. Peilan akikosa, aliambiwa ana kichwa cha boga. Siku moja naye akamtegea baba swali, baba akakosa.

"Boga limezaa boga, Baba," akasema.

Weng alicheka mpaka akapaliwa. Jioni ile aliniambia Kiingereza wenyeji watatushinda nacho mpaka tufe, lakini hesabu haina lafudhi.

Shule ilipomwita akavaa koti lake la harusi, tukaenda wote. Mwalimu wa hesabu, mama mpole, alisema Peilan amewapita wenzake wote. Nyumbani apunguziwe mazoezi, apate kucheza. Weng akaniinamia sikioni. "Kaka, huyu amemkatia tamaa mwanangu?" Kwetu mwalimu anayekujali hukutafutia kosa. Basi akatoa mfukoni kibao chembamba cha mwanzi, cha kuchapia viganja, alichorithi kwa babu yake, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwambie namkabidhi mtoto. Akizembea amchape, sitamuuliza."

Mwalimu alikitazama kile kibao, kisha akauliza kama nyumbani kinatumika. Hakijawahi kumgusa yule mtoto hata siku moja. Lakini mzazi gani wa kwetu atakaa mbele ya mwalimu akiri kwamba anadekeza?

"Kila wiki," akasema Weng.

Nikatafsiri kama lilivyo. Ningeweza kuongeza kwamba hayo ni maneno ya adabu tu. Sikuongeza.

Mwalimu akapeleka taarifa, na kabla ya Jumatatu nyingine maafisa wa watoto walikuja na amri ya mahakama: Weng asikanyage nyumbani wala asimwone binti yake miezi mitatu, mpaka uchunguzi uishe. Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba kibao hakijawahi kumgusa mtoto. Wakaandika kwamba jirani anamtetea.

Shuqin, mkewe, alikuwa anashona nguo kiwandani, amechoka, akamwambia mtoto kwamba baba kaondolewa kwa sababu ya hizo hesabu zenu. Peilan akaja mlangoni kwangu.

"Babu, mtoto akishindwa darasani, shule humwita nani?"

Nikamjibu bila kufikiri kwamba humwita mzazi.

Mwezi uliofuata wakapewa mtihani: maswali arobaini, kila swali majibu manne, unachagua moja. Peilan akapata sifuri. Wakatuita ofisini, afisa akamuuliza kulikoni, naye akanijibu mimi, kwa lugha ya kwetu.

"Nikijua, hawamhitaji Baba. Nisipojua, watamwita aje anifundishe."

Nikalitafsiri lote, neno kwa neno. Afisa akaandika kwamba mtoto ameporomoka kwa hofu ya baba yake. Wakaongeza miezi mitatu.

Shuqin na Weng wakashauriana kwa simu. Wakaona heri mtoto arudi kwa bibi yake kuliko kukaa ndani ya faili la watu. Walimpata mtu wa kusafiri naye.

Siku ya safari nilipanda basi kwenda kwa Weng, asiwe peke yake. Nilimkuta nyuma ya mgahawa, anamenya vitunguu. Hakuuliza mtoto alilia au hakulia. Aliuliza alipata ngapi, maana Shuqin alikuwa amemficha.

"Sifuri," nikasema.

"Kati ya ngapi?"

Nikamweleza: arobaini, majibu manne manne. Akaacha kumenya. Akakaa juu ya debe la mafuta, midomo inacheza.

"Mjinga akifumba macho akachaguachagua tu, hupata kama kumi," akasema polepole. "Ili ukose yote, lazima uyajue yote." Akanitazama, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuweza kuitazama. "Arobaini kwa arobaini, Kaka. Na yule mama ni mwalimu wa hesabu."

Kisha akauliza ndege inaondoka saa ngapi, labda angempigia simu amwambie.

Ilikuwa imekwisha kuondoka saa sita.

Alifuta mikono kwenye aproni. Ndani walikuwa wakimwita, karai limeshika moto.