Mswaki Uliolowa

…na umelowa tena, mswaki wangu, mimi ambaye sijaswaki bado, nimeamka sasa hivi hata tongotongo sijatoa, nimeushika na maji yanachuruzika mpaka kiwikoni, nani sasa, nyumba yenyewe ya watu watatu, mume wangu katoka mapema kwenda zamu ya kiwandani na wake ule pale umeshakauka, basi ni baba mkwe, nani mwingine, mara ya tatu wiki hii, na wake mwenyewe mkavu kama siku nilipoutoa kwenye pakiti, Mungu nipe subira, maana niliyokuwa nayo imekwisha… kinyozi hajinyoi, walisema, na leo ndio mimi, muuguzi wa kliniki ya meno, kutwa nawaambia watu suuza mswaki kwa maji yanayotiririka, ukung'ute, usimamishe kichwa juu ukauke kwa hewa, usiufunike ungali na maji, usiugusanishe na wa mwenzako, miezi mitatu ikifika tupa, nasema mpaka sauti inakauka, halafu kwangu mswaki unapita mdomo hadi mdomo kama umbea, na si mdomo wowote, ni wa mzee mwenye kisukari, fizi zinatoka damu, shimo la jino alilong'olewa mwezi uliopita halijafunga, daktari wetu, yule mfupi asiyecheka, alinivuta pembeni akaniambia kwa mtu kama huyu vijidudu vya mdomoni vikipata njia ya damu havirudi mdomoni, mtamlaza hospitali, na nilimwambia baba yote hayo, akaitikia ndiyo mwanangu, nimeelewa mwanangu, nikanunua miswaki mitatu laini, nikazungushia plasta kila mmoja, nikaandika majina kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, BABA, nini kigumu hapo… anagonga mlango wa bafu, ananiuliza kama nimemaliza, namjibu bado, kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia angenikanya, lakini nimechoka, juzi nilimuuliza kwa upole kwa nini anachukua wangu, akacheka, akasema miwani imepotea, na miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, naiona, nikadhani ananidharau… na kliniki siku ile ya jino, fomu alinisukumia mimi, mkono unaniuma, jaza wewe, mkono ule ule uliobeba ndoo mbili asubuhi yake… na chupa za dawa, alizitikisa zote mbili sikioni, akaniuliza ya asubuhi ni ipi, nikamwambia imeandikwa baba, si imeandikwa, akasema ndiyo, ndiyo, akakaa nazo mapajani hadi nilipotoka chumbani… hadi nilipotoka… ee Mola wangu. Hajui kusoma. Miaka sita nakula naye meza moja, namfulia, namsimamia dawa, na sikujua, miswaki mitatu ya bluu, imefanana kama mayai, na mimi kwa ujuzi wangu wote nimemwandikia, na wale wa kliniki je, wale ninaowapa karatasi ya maelekezo wakaikunja vizuri wakaitia kifuani, asante muuguzi, kisha wanarudi shavu limevimba nami nawakaripia, si nilikupa karatasi… anagonga tena, polepole, kwa kidole kimoja.

"Mwanangu," anasema, karibu sana na mlango, "usikasirike. Ule wangu ni upi?"

Na hasira bado ipo, ila haielekei tena kule mlangoni, maji yanaendelea kutiririka sinkini, mswaki ungali mkononi, natafuta neno ambalo halitamvua nguo mzee wa watu, kila linalokuja lina herufi ndani yake…

"Imefanana mno, baba," namwambia. "Hata mimi naichanganya. Leo nanunua mingine, wewe ndiye utakayechagua rangi."

Nasikia anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakuna aliyewahi kumuona ameubeba.