Binti wa Kabanyana Avaa Jezi ya Uganda

Mwaka 1996 Kabanyana, msichana wa Ngarama, magharibi mwa Uganda, aliolewa na mkimbizi. Mumewe, Modeste, alikuwa amekimbia vita Kivu Kusini, Kongo, hana ng'ombe hata mmoja wa mahari. Rugamba, kaka mkubwa aliyeshika mji baada ya baba yao kufariki, hakupiga kelele. Alisema tu, "Nenda. Lakini usirudi hapa kuniita kaka."

Kabanyana akaenda. Alijenga na mumewe nyumba ya udongo Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mwaka uliofuata akajifungua binti. Wakampa jina la bibi yake wa Kivu, Nabintu.

Nabintu alikuwa na miaka kumi na miwili alipofika shuleni kwao mwalimu kutoka Mbarara, Safiyah, aliyezunguka shule za vijijini akifundisha badminton. Alifunga wavu kati ya mikaratusi miwili, akawagawia watoto raketi na kinyoya, kile kimpira chepesi cha manyoya kinachopigwa. Upepo ulikipeperusha kinyoya huku na huku, watoto wakacheka, wakarudi kwenye mpira wao wa miguu. Nabintu alibaki. Alikuwa amegundua kwamba kinyoya kikipigwa mapema, kabla hakijapanda juu, upepo haukiwezi.

Jioni ile Safiyah alifika nyumbani kwao.

"Mama Nabintu, nipe huyu mtoto," alisema. "Atakaa kwangu, atasoma, atacheza. Nimefundisha miaka tisa, sijaona mkono kama huu."

Kabanyana alimtazama mumewe. Mahindi yalikuwa karibu kuvunwa, na Nabintu ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Modeste alijikuna kidevu.

"Muache aende," akasema. "Hapa majembe iko mingi. Raketi iko moja tu."

Kabanyana alimwona bintiye akishindana kwa mara ya kwanza mwaka 2013, katika ukumbi mmoja wa Mbarara. Alikaa mbele karibu na Safiyah, mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. Ng'ambo ya wavu alisimama msichana kutoka Kampala, mrefu, viatu vyake vyeupe pe. Ndani ya ukumbi upepo haukuwepo, na Nabintu aliyekuwa amezoea kushindana nao alikipiga kinyoya kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kabanyana hakuelewa pointi zinavyohesabiwa. Alichoelewa ni uso wa yule msichana wa Kampala, uliozidi kukunjamana, na makofi yaliyozidi kupanda. Bintiye alipotoka uwanjani akiwa bingwa wa mkoa wa magharibi, Kabanyana alimfuta jasho kwa kitenge chake mbele ya watu wote.

Mwaka 2015 Nabintu akachaguliwa timu ya taifa, waende kushindana Lusaka, Zambia. Hapo ndipo njia ilipofungwa. Karani wa pasi alifungua jalada, akatikisa kichwa.

"Huyu jina yake iko kwa orodha ya wakimbizi, mama. Mkimbizi hawezi vaa jezi ya Uganda."

"Mimi ni Mganda," Kabanyana alisema. "Nilizaliwa Ngarama."

"Sawa. Leta mtu wa kwenu aseme hivyo, na barua ya mwenyekiti wa kijiji."

Mtu wa kwao alikuwa mmoja tu. Kesho yake Kabanyana alikwenda Ngarama, akamkuta Rugamba akitengeneza ua wa zizi, nywele zimeshakuwa nyeupe. Alipiga magoti, akamwamkia. Rugamba aliendelea kufunga miti.

"Umekuja kuomba nini?"

"Siombi shamba wala ng'ombe. Nataka useme mbele ya karani mimi ni mtoto wa nani."

Akamweleza habari yote. Mikono ya Rugamba ilisimama.

"Huyo mtoto anashinda?"

"Anashinda."

"Huko aendako, ataitwa wa wapi?"

"Wa Uganda."

Rugamba aliweka chini kamba aliyokuwa akifungia. "Nilisema maneno siku ile," akasema, "na sikujua namna ya kuyarudisha. Ningoje nivae koti."

Ofisini hakuketi, barua ya mwenyekiti aliiweka mezani. "Huyu ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja," alimwambia karani. "Mtoto wake ni mpwa wangu. Andika."

Nabintu alishinda mechi mbili Lusaka, ya tatu akashindwa. Aliporudi, walimpokea kwenye stendi ya mabasi ya Mbarara. Alishuka akiwa na jezi yenye jina la Uganda mgongoni na bandeji gotini. Rugamba na Modeste walikuwa wamesimama bega kwa bega, kila mmoja akitafuta la kumwambia mwenzake.

"Alipoteza ya tatu," Modeste alisema hatimaye, kwa unyenyekevu.

"Alishinda mbili, shemeji," Rugamba akamjibu, kwa ukali kidogo. "Anza na hizo."

Nabintu aliinama kuchukua begi lake. Mama yake alimtangulia, akajitwika kichwani, akaongoza njia katikati ya stendi, shingo imenyooka, na hakukubali mtu yeyote amsaidie.