Mtaalamu wa Kuanguka

Cyusa aliporudi Karuba na lisansi yake, shahada ya chuo kikuu ya Kiingereza, mama yake, Nyiransengimana, alichinja kuku, akawaita majirani, kisha akamwomba mwanawe awaeleze alichosomea. Cyusa akafuta mdomo. Akasema alichunguza maneno ambayo Waingereza wa kale, wa miaka elfu iliyopita, waliyatumia kwa kuanguka.

Majirani wakaendelea kutafuna.

"Kuanguka tu?" akauliza Mama Anastasie.

"Na kudondoka."

"Na kuinuka?"

"Ile iko ya mwenzangu. Hajamaliza."

Wiki ile ile mvua ikalainisha mlima, na ng'ombe wa Mama Anastasie akaporomoka kutoka malishoni hadi katikati ya maharagi ya Hakorimana. Hakorimana akasema ng'ombe yule hakuanguka, alishuka kula. Mama Anastasie akasema ng'ombe wake ana adabu kuliko watu wengine. Chefu wa kijiji alisikiliza hadi kichwa kikamuuma, ndipo akakumbuka.

"Si tuko na muntu alisomea hii maneno? Mumuite."

Cyusa alitaka kukataa. Lakini tangu arudi hakuna aliyemuuliza lolote, ila kama anajua kutengeneza simu, na sasa shamba zima lilikuwa linamtazama. Akamzunguka ng'ombe. Akaupima mteremko kwa macho. Akaeleza kwamba wazee wale wa Uingereza walikuwa na feallan, kuanguka kwa kawaida. Na dreosan, kuanguka pole pole kama majani. Na hreosan, kuanguka kwa kishindo kama ukuta unaobomoka.

"Na huyu?" akauliza Chefu.

"Huyu... hreosan."

Umati ukaguna kwa kuridhika. Chefu akaamua kwamba ukuta ukibomoka haushitakiwi, basi ng'ombe hana kosa. Hakorimana alipouliza habari ya maharagi yake, aliambiwa yalipatwa na dreosan, na, ajabu, akatulia. Alisema afadhali sasa anajua kilichompata.

Tangu hapo Cyusa hakupumzika. Mume akirudi kutoka kwenye pombe na matope mgongoni, mkewe hakumgombeza kabla Cyusa hajayakagua yale matope. Paa likianguka, aliitwa kabla ya fundi. Watu walimletea viazi na jibini. Mwanzoni aliona haya, kisha akazoea, kisha akaanza kutembea mikono nyuma.

Ndipo lori la Papa Katembo, mfanyabiashara wa Butembo, likateleza kwenye kona karibu na Mushaki, likainamia bonde. Papa Katembo alikuwa amesikia sifa za yule kijana. Akakataza lori lisiguswe, akatuma pikipiki imlete.

Cyusa akaangalia. Magurudumu ya upande mmoja yalikuwa barabarani, ya upande mwingine hewani.

"Papa, bado haijaanguka."

"Basi neno lake njo nini?"

"Hakuna. Ikianguka, nitakuambia."

Hapo ndipo alipokosea. Papa Katembo akafikiri kidogo, akaagiza kiti, akaketi. "Tutangoja."

Abiria nao wakaketi juu ya mizigo yao. Mwanamke mmoja akawasha makaa, akaanza kuchoma mahindi. Magari yaliyofika nyuma yakazima injini. Kila lori lilipolia kwii, watu wote walimgeukia Cyusa, naye akatikisa kichwa: bado.

"Tungeivuta tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Tuivute aje, na hatujajua iko na nini?" akajibu Papa Katembo.

Kavira, binti yake, aliyesimamia mizigo, akamsogelea Cyusa. "Kaka, sabuni yangu yote iko mule. Wale wazee wako hawakuwa na neno ya kitu inataka kuanguka?"

"Pengine walikuwa wanaikamata kwanza."

Kavira akamtazama, akaenda kuchukua kamba.

Wakaifunga kwenye lori, wakavuta wawili tu, miguu ikiteleza, huku abiria mmoja akiwaonya wasiharibu kazi ya mtaalamu. Lori likaanza kwenda bondeni, nao wakaenda nalo.

"Jamani, inatuua!" akapiga kelele Cyusa, na hilo kila mtu alilielewa. Watu wakatupa mahindi, wakaishika kamba, wakavuta wakitukanana, mpaka lori likasimama wima barabarani.

Hakuna aliyeshangilia. Wengine walilalamika kwamba wamengoja bure. Papa Katembo akapanda, akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, tunaenda Kibua, kule Walikale. Matope ya kule inafika mulangoni. Kule haitakosa kuanguka. Panda, utafanya kazi na sisi."

Cyusa akatazama viganja vyake vilivyochubuka. Akampigia mama yake, akamwambia amepata kazi. Nyiransengimana akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka nje ya simu, hata hakuuliza kazi gani. Cyusa akajibana kando ya Kavira, akaushika kwa mikono miwili mlango ambao haukutaka kufungika, na lori likaondoka.