Fimbo ya Namba Zote

Esha alikuwa anageuza ndagala kwenye mchanga wa Kigwena wakati Shafii alishuka kwenye kamioneti na fimbo ya gofu imefungwa mu taulo. Ilikuwa miaka ya vita. Shafii, muuzaji wa Rumonge, alimuletea komanda wa kambi ya wasirikali chochote alichotaka. Esha naye alianika samaki karibu na kambi kwa sababu moja: bwana yake Kassimu aliitwa mule ndani, hakutoka. Komanda alimwambia Esha kwamba Kassimu amevuka ziwa, iko Kigoma, pengine ameshaoa.

Shafii alieleza fimbo. Wazungu wanabeba mufuko mzima wa fimbo, kila moja na kazi yake. Hii ni moja tu, na visi ya kukaza na kulegeza kwenye shingo, na namba zimeandikwa kando yake. Unalegeza visi, unalaza uso wa chuma, mpira unapanda juu na kuanguka karibu. Unausimamisha, mpira unaenda chini chini, mbali. Kwenye kartoni waliandika hata asiyejua kucheza atawapita wanaojua.

Komanda aliweka namba tatu, akapiga kuelekea ziwani. Mpira ulipita mitumbwi, ukageuka kama mutu aliyesahau ufunguo, ukarudi juu ya vichwa vyao, ukaanguka kwenye michikichi nyuma ya kambi. Wasirikali waliinama, wakaendelea na maharagwe yao.

Akaweka tisa. Mpira ulipanda mpaka ukapotea, ukashuka palepale, kando ya ule wa kwanza. Tano, palepale. Komanda akakasirika. Kurudi kwa mpira hakukumusumbua. Kilichomuuma ni kwamba namba hazibadilishi kitu.

"Umeniuzia uongo, wewe."

"Chef, visi inafanya kazi. Uso si unaona umelala?"

"Uso unalala. Mpira unaenda kwake tu."

Shafii akapiga mwenyewe. Palepale. Akakubali, kwa sauti ndogo, kwamba tangu aitoe Bujumbura hakuijaribu hata siku moja.

Esha aliacha ndagala, akaingia kwenye michikichi. Mipira ilikuwa imelala pamoja juu ya udongo uliobonyea, urefu wa mutu mzima. Akaikusanya mu kitenge. Ikatoka mu kitenge, ikabiringika, ikarudi mahali pake. Akakaa chini.

Komanda alipofika, Esha hakusimama.

"Kassimu hakuvuka," alisema.

Komanda aliangalia wasirikali. Wasirikali waliangalia masahani.

"Mama, ondoka. Hapa tunacheza."

Kesho yake alichomeka bendera pale, akaamuru shimo la kuingiza mpira lichimbwe. Kaporali alichimba na kijiko, kina cha kikombe. Esha alimuomba aendelee kidogo tu. Kaporali akajibu kwamba amri ni kikombe.

Tangu siku hiyo komanda hakukosa. Wakubwa walikuja kutoka Bujumbura na mifuko yao mizima, akawashinda wote, namba yoyote. Shafii akaagiza fimbo nyingine, akawa anazitembeza mpaka Magara na Gitaza akisema muulizeni komanda wa Kigwena.

Esha aliendelea kuanika ndagala. Wakicheza, wanamuita yeye atoe mpira, kwa sababu iko karibu. Anapiga magoti, anaingiza mukono mpaka kwenye kiganja, anauacha mule kidogo. Komanda anamuambia afanye haraka, watu wanangoja. Anatoa mpira, anaufuta udongo, anamupa.